Barua kwa Mhariri: Kabla ya kutoboa plafoni kwa ajili ya projekta

Ndugu Mhariri,

Kiangazi kimeingia, shule zinakaribia kufunga, na katika makanisa mengi ya Bukavu kamati za ujenzi zimeanza kuhesabu michango. Kila mwaka majira haya mafundi tunaletewa ombi lilelile: "Tumenunua projekta, njooni muitundike." Ombi lenyewe limeanzia mwisho. Mashine imenunuliwa kwanza, mahali pa kuiweka panatafutwa baadaye, na fundi anatakiwa amalize kwa nusu siku ili Jumapili waumini wasome nyimbo ukutani. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze mambo ambayo siku ya kazi hayaonekani, lakini hujitokeza baada ya miezi miwili mitatu, wakati fundi amekwisha kulipwa na ngazi imerudishwa kwa mwenyewe.

Msimamo wetu ni huu: tundu la kwanza lisitobolewe kabla mtu hajapanda juu ya plafoni na tochi akaona kilichoko, na kabla picha haijawashwa ikaonekana kwenye ukuta uleule, kutoka umbali uleule. Karibu kila hitilafu tunayoitiwa kurekebisha ilianzia kwenye moja ya hayo mawili kurukwa.

Plafoni nyingi za mjini kwetu ni tripleksi (plaiwudi) ya milimita 4 au 6, imepigiliwa misumari kwenye vibao vyembamba. Tripleksi iliwekwa ifiche shapanti, yaani miti inayobeba paa. Haikuwekwa ibebe kitu. Projekta ya kawaida ya darasani ina kilo 3 hadi 4. Ongeza mkono wa chuma unaoishika, sahani ya juu na bomba, unafika kilo 6 au 7. Siku ya kwanza tripleksi inavumilia, hata mwezi wa kwanza. Mvua za Septemba zikianza, unyevu unaingia, mbao inalainika kuzunguka tundu la visi, na picha inaanza kushuka kwenye skrini kidogo kidogo bila mtu kuiona ikishuka. Anayeendesha mashine anafungua menyu, anairekebisha, anafunga. Wiki tatu baadaye anairekebisha tena. Mtu akiona picha imeshuka sentimeta mbili tangu mwezi uliopita, aache menyu apande akaangalie visi, kwa maana mashine iko njiani kuja chini.

Plafoni ya jipsi haina tofauti. Zile shevi (vishikio vya visi) zinazofunguka kama mwavuli nyuma ya ubao ni za kutundika saa ya ukutani. Hata vile vyuma vyembamba vinavyoshika jipsi vimekatwa kwa kipimo cha kubeba jipsi peke yake.

Uzito lazima ufike kwenye shapanti. Tafuta miti ya chini ya shapanti, ile inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, na ulaze juu yake ubao wa sentimeta 5 kwa 10 unaovuka miti miwili. Kila mwisho wa ubao ufungwe kwa tirfoni (visi nene za mbao) mbili za milimita 8, au bolti za kupita upande hadi upande ikiwa nafasi ipo. Shapanti zetu nyingi ni za mikaratusi, na mikaratusi iliyokauka hupasuka ukiilazimisha: toboa kwanza kwa ncha ya milimita 5 na nusu, ndipo uingize tirfoni. Misumari hapa haifai. Msumari unaovutwa kuelekea chini kila siku hutoka polepole, hasa kwenye mbao iliyopigiliwa ikiwa bado mbichi.

Sahani ya chuma ifungwe moja kwa moja kwenye ubao huo. Hapa ndipo wengi wanakosea bila kujua: wanafunga sahani kutoka chini, tripleksi ikiwa imebanwa katikati ya sahani na ubao, na mara nyingi pana nafasi ya sentimeta kadhaa iliyobaki wazi kati ya hivyo viwili. Visi zikikazwa, tripleksi inapinda. Ikikauka au ikiloa, kila kitu kinalegea. Kata tundu kwenye tripleksi kubwa kuliko sahani, au jaza ile nafasi kwa kipande cha mbao ngumu chenye unene sawasawa, kisha funika kwa kifuniko cha bomba.

Kwenye nyumba za ghorofa, ambako juu ni dale ya beto (zege), kazi ni nyepesi zaidi lakini ina mtego wake. Tumia bolti nne za kupanuka za milimita 8. Krepi (plasta) ya chini, yenye sentimeta moja au mbili, haihesabiwi katika kina cha tundu, kwa sababu haishiki chochote. Vumbi la ndani ya tundu lipulizwe lote litoke, vinginevyo bolti hupanukia kwenye unga. Usitoboe karibu na ukingo wa dale. Acha angalau sentimeta 10. Shevi za plastiki ziacheni kwenye kuta. Ukutani uzito hukata visi kwa upande, lakini juu uzito huivuta visi kwenye mstari uleule ulioingilia, na plastiki, hasa ikipata joto, hukubali kuteleza. Na kama dale imejengwa kwa urdi, yaani matofali yenye uwazi ndani yakikaa kati ya miimo ya beto, bolti inaweza kupanukia hewani. Gonga kwa nyundo usikilize, kisha toboa tundu dogo la milimita 6 la kupima. Ncha ikizama ghafla baada ya sentimeta tatu, hapo ni uwazi. Sogea hadi upate mwimo wa beto.

Kisha pima kabla ya kupandisha mashine. Vitu vya kupimia viko kila nyumba: chukua bidoni mbili za manjano za litre 20, zijaze maji, zifunge kwenye bomba kwa kamba, ziachwe saa nzima bila mtu kupita chini yake. Hizo ni kilo 40, zaidi ya mara tano ya mzigo wa kilo 7. Piga alama ya penseli kwenye bomba usawa wa plafoni kabla ya kuzitundika, na uiangalie tena baada ya kuzitoa. Alama ikiwa imeshuka hata milimita mbili, ufungaji huo haufai.

Kuna wanaoona kipimo hicho ni kutia chumvi kwa mashine ya kilo 3. Tunawakumbusha tarehe 3 Februari 2008, siku tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoupiga mji huu. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kwa hiyo kila projekta inayoning'inia juu ya vichwa vya watu hapa Bukavu inahitaji kamba ya usalama ya waya wa chuma, milimita 3 au 4, na kamba hiyo ifungwe kwenye mti wa shapanti, si kwenye sahani wala kwenye bolti zilezile zinazobeba mashine. Zikitoka bolti, kamba iliyofungwa kwazo inatoka nazo. Acha ulegevu wa sentimeta 5 tu, maana kamba ndefu inaiacha mashine ianguke kwanza ndipo ishikwe, na kishindo hicho kinaweza kung'oa plastiki. Vibano vya waya viwe vitatu kila mwisho, na ile sehemu ya herufi U ikandamize mkia wa waya, upande uliokatwa. Tandiko lake likae kwenye upande unaobeba mzigo. Ukigeuza, U inaukata waya unaobeba.

Sasa visi zinazoingia kwenye mashine yenyewe. Mashine nyingi za ofisini na za shule zina matundu ya M4 chini yake, yaani ya visi za milimita 4. Mkono wa chuma unaouzwa madukani huja na mfuko wa visi za kila urefu, na fundi mwenye haraka huchukua ya kwanza inayoingia. Ikiwa ndefu mno, inafika kwenye ubao wa elektroniki. Ikiwa fupi mno, inashika nyuzi mbili za plastiki. Iingize kwa mkono, bila bisibisi, uhesabu mizunguko hadi igome: kila mzunguko wa M4 ni milimita 0.7, kwa hiyo mizunguko 12 ni kama milimita 8. Ongeza unene wa chuma na wa washa (kile kiduara cha chini ya kichwa cha visi), hapo umepata urefu wa visi ya kununua. Na tafadhali, gundi ya kuzuia visi kulegea isikaribie mashine, wala mafuta ya kulainisha. Vitabu vya watengenezaji vinakataza jambo hilo waziwazi, kwa sababu vimiminika hivyo hula plastiki ya ganda, nayo hupasuka taratibu hadi mashine inadondoka na visi zake zikiwa zimekazwa vizuri kabisa. Tumia washa ya springi.

Tuje kwenye picha. Kitabu cha kila projekta kina namba moja ambayo muuzaji hana budi kukuonyesha: uwiano wa umbali na upana wa picha. Ikiwa imeandikwa 1.5 hadi 1.8, na skrini yako ina upana wa mita 2.4, lenzi itakaa kati ya mita 3.6 na mita 4.3 kutoka kwenye skrini. Lenga katikati, karibu mita 4, usiende kwenye ncha za zumu. Ukikosea sentimeta 20 bado utakuwa na pa kujisogeza. Umbali huo unahesabiwa kutoka kwenye lenzi, lakini bomba linashuka katikati ya mashine, sentimeta 15 au 20 nyuma ya lenzi. Tena lenzi nyingi haziko katikati ya mashine; ziko upande mmoja. Fundi anayeweka bomba sawasawa na katikati ya skrini hugundua baadaye kwamba picha imekaa kando kwa sentimeta 8, kisha anaigeuza mashine kidogo, na skrini ya mstatili inapata picha iliyopinda.

Urefu wa bomba ndio unaosumbua zaidi, na makanisa yenye plafoni ya mita 4 na nusu ndiyo yanayoumia. Projekta iliyowekwa mezani hurusha picha kuelekea juu. Ikipinduliwa juu chini, huirusha kuelekea chini. Kiasi gani? Pima mwenyewe. Weka mashine mezani, iliyonyooka kwa nivo (kipima usawa), kwenye umbali uleule wa mita 4, zima urekebishaji wa picha wa otomatiki, fungua zumu hadi picha ipate upana wa mita 2.4. Sasa chukua mita: lenzi iko sentimeta 80 kutoka sakafuni, na ukingo wa chini wa picha uko sentimeta 95. Tofauti ni 15. Ukiipindua mashine juu chini, ukingo wa juu wa picha utakuwa sentimeta 15 chini ya lenzi. Ikiwa juu ya skrini yako ni mita 3 kutoka sakafuni, lenzi inatakiwa ikae mita 3 na sentimeta 15, na kama plafoni iko mita 4.5, lenzi itashuka mita 1.35 kutoka hapo. Mashine nyingine picha yake huanzia chini kidogo ya usawa wa lenzi. Ndiyo sababu tunasema kupima, tusikisie.

Kamati nyingi hazipendi kuona bomba refu. Zinataka mashine ibanwe juu kabisa "isionekane". Basi inabanwa juu, inainamishwa, picha inakuwa pana chini na nyembamba juu, kisha mtu anabonyeza kitufe cha kunyoosha na kusema tatizo limekwisha. Halijakwisha. Mashine ya nukta 1280 kwa 800 haina nukta za akiba. Inachofanya ni kuzizima zile za pembeni na kuyabana maandishi kwenye zilizobaki. Ndiyo maana ubeti wenye herufi ndogo unaonekana umechakaa kwa waliokaa nyuma, na kuzunguka picha kunabaki utusitusi wa kijivu usioondoka. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu anayehama na mashine mkononi kutoka ofisi hadi ofisi. Kwa mashine inayokaa mahali pamoja miaka mitano, nunua bomba.

Bomba refu nalo lina adabu zake. Likizidi mita moja, lishikwe na nyaya tatu za chuma zinazovutwa pande tatu hadi kwenye shapanti. Bila hivyo, ngoma za kwaya na upepo kwenye mabati vinatosha kuitikisa picha: mashine ikiyumba sehemu moja ya kumi ya nyuzi, picha iliyo mita 4 mbele inacheza milimita 7. Macho yanachoka bila mtu kujua sababu.

Jambo linalofuata haliko kwenye orodha ya fundi yeyote wa Kinshasa, na hapa kwetu ndilo linaloua mashine nyingi kimyakimya. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu unapanda kutoka hapo kwenda juu; Kadutu, Panzi na vilima vya Ibanda ni juu zaidi. Vitabu vya projekta nyingi vinasema: ukifika mita 1,500, washa hali ya mwinuko mkubwa kwenye menyu. Dukani mashine hutoka ikiwa imezimwa hali hiyo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 15 kwa mia, feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu, na joto linabaki ndani. Dalili yake inajulikana: mashine inafanya kazi vizuri dakika 30 au 40, taa nyekundu ya joto inawaka, inajizima. Watu wanabadilisha taa ya ndani ambayo haikuwa na kosa, wanalipa, na tatizo linarudi. Ingia kwenye menyu, washa hali hiyo. Feni itapiga kelele zaidi, vumilieni. Kelele ikikusumbua, sogeza mashine mbali na viti vya mbele.

Joto lina mlango mwingine. Hewa ya juu ya plafoni iliyo chini ya mabati, saa nane mchana, huchoma, na joto hilo hushuka kupitia tripleksi. Acha angalau sentimeta 20 kati ya mashine na plafoni. Usiijengee kisanduku cha mbao, hata kizuri namna gani, kwa hofu ya wezi. Mwizi anazuiwa kwa waya na kufuli, na mashine inahitaji kupumua. Upande inakotokea hewa moto usielekezwe kwenye ukuta wala nguzo ya karibu.

Mabati yenyewe yaangaliwe kwa jicho la mvua. Alama za duara za rangi ya kahawia kwenye tripleksi zinaonyesha maji yanapopita. Usitundike chini yake hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba paa lilizibwa. Usitundike pia chini ya maungio ya mabati mawili. Alfajiri ya baridi, hata bila mvua, unyevu hujikusanya upande wa ndani wa bati na kudondoka. Nyaya zinazoshuka kwenye mashine ziachiwe mkunjo unaoning'inia chini kuliko matundu ya kuchomekea, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye mashine.

Kuhusu waya wa picha, kosa kubwa ni tiyo (bomba la kupitishia nyaya) nyembamba. Kichwa cha kebo ya HDMI kina upana wa karibu milimita 20, na watu wanazika ukutani tiyo ya milimita 20 au 25, yenye kona kali za nyuzi 90. Kebo haipiti, kichwa kinakatwa "kiungwe baadaye", na kichwa cha HDMI hakiungwi kwa mkono kama waya wa taa. Weka tiyo ya 40, kona zake ziwe mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na uache ndani uzi wa nailoni wa kuvutia kebo nyingine siku za mbele. Kebo ya kawaida ya shaba tunaiamini hadi mita 10. Ikizidi 15 picha inaanza kumeta, kukatika na kurudi, hasa mtu akileta kompyuta nyingine. Kwa umbali huo tumia kebo ya nuru, ila ujue ina mwelekeo: upande mmoja umeandikwa chanzo na mwingine skrini. Ikivutwa kinyume ndani ya ukuta, haitoi kitu, na hakuna cha kufanya isipokuwa kuitoa yote. Au tumia visanduku viwili vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat 6, na waya huo uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba, ambao ni wa bei nafuu na umejaa sokoni, hautoshi. Vyovyote utakavyochagua, itandaze kebo yote sakafuni, uunganishe kompyuta itakayotumika kweli, iache iwake saa nzima. Ndipo uivute.

Panya nao wako huko juu. Ralonje (waya wa kurefushia umeme) iliyotupwa juu ya plafoni ni chakula chao, na waya uliogugunwa juu ya mbao kavu ni moto. Projekta ipewe laini yake kutoka kwenye kasha la umeme: nyaya tatu za milimita 2.5 za mraba, ndani ya tiyo, disjonkta (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ampea 10 yake peke yake, na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli. Prizi ikae karibu na mashine. Tiyo ya umeme na ya picha ziachane sentimeta 30. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba.

Umeme wetu mnaujua. Projekta nyingi hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme dhaifu hauiui. Kinachoiua ni kishindo cha umeme unaporudi, na kwa mashine za taa, kuzimika ghafla feni ikisimama wakati taa bado ina joto kali. Onduleri (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 1000 inatosha mashine ya wati 300 kwa dakika za kuizima kwa utaratibu. Ile ya 650 inabeba kwa shida, betri ikizeeka kidogo inaanguka. Iwekwe chini, mahali inapofikiwa, usiipandishe juu ya plafoni. Milima ya Kivu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kuchomoa waya ukutani mawingu yakikusanyika, pamoja na waya wa dishi la televisheni ikiwa umeunganishwa.

Mngurumo kwenye spika mara projekta inapounganishwa na mikseri: kompyuta inatumia prizi moja, projekta laini nyingine, pengine moja ya grupe (jenereta), na nyaya za ardhi hazikutani. Toeni sauti kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye mikseri, msiipitishe kwenye projekta, na kompyuta na mikseri vitumie prizi za laini moja.

Kabla ya kununua, igeuzeni mashine muone mlango wa taa na wa chujio la vumbi uko wapi. Ukiwa tumboni, sahani ya kutundikia huufunika, na kila usafishaji utakuwa ni kushusha mashine nzima na kuanza upya kulenga. Chagueni yenye chujio ubavuni, na mkono wa chuma unaofunguka bila kuharibu ulengaji. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu linaziba chujio kwa mwezi mmoja. Kama hakuna ngazi ya kufika mita 4 wala mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina, chujio halitasafishwa. Taa ikipasuka huko juu, zimeni umeme, fungueni madirisha, watu watoke: ndani mna zebaki, na vipande vya kioo hudondoka mlango ukifunguliwa.

Tunaulizwa sana kuhusu mashine za leza zenye saa 20,000. Kanisa linalotumia projekta saa 6 kwa wiki halifikishi saa 320 kwa mwaka. Taa ya saa 5,000 italidumu zaidi ya miaka kumi, na mashine yenyewe itakuwa imezeeka kabla. Tofauti ya bei iende kwenye mwanga mkubwa zaidi, bomba, waya wa shaba na onduleri. Shule inayofundisha saa 5 kila siku, hesabu yake ni nyingine, na huko leza inaweza kulipa. Na lile bati la kupitisha mwanga lililowekwa juu ya madhabahu liondolewe au lifunikwe, kwa sababu hakuna mashine ya bei yenu itakayolishinda jua la saa nne asubuhi.

Siku ya mwisho, mashine ikiwa juu, picha ipinduliwe kwenye menyu (kwa Epson nyingi ni kushikilia kitufe cha A/V Mute sekunde 5), ilengwe kwa mkono wa chuma, kitufe cha kunyoosha kikiwa sifuri. Fokasi ikazwe baada ya dakika 20 au 30, lenzi ikishapata joto lake. Ukiikaza mara moja itahama. Kabla plafoni haijafungwa, mteja adai picha za simu za ubao, tirfoni na mwisho wa kamba ya usalama. Sehemu ya tano ya malipo ibaki mkononi mwake hadi mashine iwake saa tatu mfululizo mchana bila kujizima. Fundi anayekataa sharti hilo anajua kwa nini.

Kwa wauzaji wa Nyawera na Kadutu tuna ombi. Mashine nyingi mnazouza zimekwisha kutumika na hazina boksi wala kitabu. Andikeni modeli kamili kwenye risiti, herufi na namba zote, si "projekta moja". Kwa modeli hiyo kitabu hupatikana bure kwenye intaneti kwa mtengenezaji, na ndani yake mna uwiano wa umbali, kina cha matundu ya visi, na ukurasa wa mwinuko mkubwa.

Wenu,
Mafundi wa umeme, sauti na picha,
Ibanda, Bukavu